Wimbo wa Mzee Meir

Ijumaa asubuhi, duka la mikate la Golders Green, mtaa wa Wayahudi jijini London, si mahali pa mzaha. Foleni ya watu wanaotaka mkate wa kusuka wa Sabato inafika nje barabarani, na bibi kizee anaweza kukuchoma kiwiko cha mbavu huku akikuuliza mama yako hajambo. Katikati ya vita hivyo aliingia Jonty Abelson, gita mgongoni, koti la ngozi limefumuka bega. Akageuka kutazama keki ya jibini. Kwa kugeuka huko tu, gita likakumba trei nzima ya mikate ya vitunguu, ikamwangukia msichana mmoja mwenye koti la rangi ya chungwa.

"Samahani! Umeumia?"

"Nimeshambuliwa na kifungua kinywa," alisema msichana, akiokota kitunguu kwenye nywele zake nyeusi za mawimbi. "Hilo gita unalipiga, au ni la kuangushia watu?"

"Napiga roki. Na wewe hicho kisanduku umebeba mifupa ya nani?"

"Klarineti. Napuliza klezma, nyimbo za harusi za babu zetu."

"Zile za kulia?"

"Zile za kulia huku unacheza, mjinga wewe."

Jonty akapenda hapo hapo, kwa taadhima zote, harufu ya vitunguu ikiwa shahidi.

Msichana aliitwa Perl Grinfas. Kufikia majira ya baridi walikuwa wapenzi, tena walikuwa na bendi, Supu ya Jana: ngoma, besi, gita la Jonty likinguruma kama lori linalopanda mlima, na juu ya ghasia hiyo klarineti ya Perl ikicheka na kulia kwa pumzi moja. Walipiga kwenye chumba cha chini cha baa moja Camden. Malipo yao yalikuwa bia na chipsi, na chipsi zenyewe zilikuwa zimepoa.

Wimbo mmoja tu hawakuugusa. Mzee Meir, baba yake Perl, alikuwa mpuliza klarineti wa harusi maisha yake yote, na alimrithisha binti yake wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao.

"Huo tutaupiga nikiwa tayari," Perl alisema. "Na mimi ndiye nitakayeuanza. Umesikia, jitu langu?"

"Nimesikia, malkia wa vitunguu."

Mwezi wa kwanza Mzee Meir akafariki.

Matanga yalikaliwa siku saba, wafiwa kwenye vigoda vifupi, vioo vyote vimefunikwa shuka. Jonty, ambaye Uyahudi wake ulikuwa wa sikukuu mbili kwa mwaka, alifika amekumbatia maua meupe makubwa. Wageni wengine wote walikuwa wameleta chakula. Hakuna anayepeleka maua kwenye matanga ya Kiyahudi. Shangazi Bluma aliyapokea kwa uso wa kiranja aliyemkuta mtu anakula bwenini.

"Asante, mwanangu. Ndoo yetu ya deki ilikuwa na upweke kweli," akasema, akayatumbukiza humo.

Jikoni, Perl alimshika Jonty mkono. "Mwaka huu sitapiga na ninyi. Aliyefiwa na mzazi anajitenga na ngoma na furaha mwaka mzima."

"Mwaka? Na albamu je?"

"Mnisubiri."

"Nitakusubiri hata mitano, mpenzi," Jonty aliapa. Ikumbukwe kwamba mdomo wake ulikuwa umejaa keki, na mdomo wenye keki huapa lolote.

Mwezi wa tatu alikwenda kurudisha spika ya kuazima kwenye ukumbi mmoja wa harusi, Hendon. Akasikia klarineti. Akachungulia pembeni mwa pazia. Jukwaani, kati ya wazee watatu wenye ndevu, alisimama Perl na gauni jeusi lisilo na urembo, macho chini, akipuliza. Mbele yake watu walirukaruka kwa shangwe.

Mtu mwenye akili angemsubiri mlangoni akamuuliza. Ni swali moja, hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Jonty aliitua spika chini akaenda zake.

Jioni Perl alipiga simu. "Jitu langu, mbona kimya?"

"Nimechoka."

"Umechoka au umenuna? Sauti yako kama maji ya friji."

"Nimechoka, Perl."

Baada ya hapo Jonty akawa hapokei simu za Perl. Akamtafuta kijana mmoja wa chuo cha muziki, Casper, upulizaji wake safi kama kioo na hauna kosa hata moja. Wakarekodi albamu. Wimbo wa Mzee Meir nao wakauingiza, mbio mbio, ngoma zikitwanga. Kama yeye anawapulizia wengine, Jonty alijiambia, na sisi tuna haki. Lakini usiku ule hakula.

Perl aliusikia kwenye duka la dawa, mkononi ana chupa ya shampuu, redio ikipiga juu ya kichwa chake. Akatoka bila kununua. Akamwita Jonty nyumbani.

"Ndiko kunisubiri huku?"

"Nilikuona Hendon! Ulisema umeacha muziki."

"Nilisema sipigi na ninyi." Perl alimsogezea chai ambayo hakuna aliyeinywa. "Nilikwenda kwa rabi. Akaniuliza, mkate wako unatoka wapi? Nikasema harusini. Akasema, kapulize basi, ile ni kazi. Simama, puliza, rudi nyumbani. Akauliza, na furaha yako iko wapi? Nikamwambia iko chini ya baa moja Camden, na jitu moja lenye gita. Akasema, hiyo ndiyo umwachie baba yako mwaka mmoja."

Jonty alikisogeza kikombe pembeni. Akasema, "Nikuoe, Perl."

"Ungeniuliza mwezi wa tatu."

"Nikuulize nini?"

"Chochote."

"Nitaufuta huo wimbo."

"Utaufuta kwenye masikio ya nani?"

"Mwaka ukiisha, utarudi?"

"Kwenye muziki, ndiyo. Kwako, hapana." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Jonty zaidi. "Ila huyo Casper wenu anakikimbiza kipande cha tatu. Pale bibi harusi anaagana na mama yake. Nani anakimbia pale?"

"Niimbie nisikie."

"Nitaimbaje nami nina msiba?"

Akagonga mezani kwa kidole. Taratibu. Akanyamaza mahali ambapo mtu angevuta pumzi, akagonga tena. Jonty alitazama kidole hicho mpaka kikakoma, akachukua koti lake.

Kiangazi hicho Supu ya Jana ilipiga mbele ya umati ambao haikuwahi kuuota. Kipande cha tatu kilipofika, Jonty aliinua mkono, ngoma zikazima. Akamgeukia Casper, akaanza kugonga ubao wa gita kwa kidole, taratibu, na klarineti ikapunguza mwendo ikamfuata.

"Huyu wa gita amesahau," dada mmoja wa mbele alimwambia mwenzake.

Jonty alimsikia. Akaendelea kugonga.