Mume wa Bibi Bolatta

"Ukizidi kuibonyeza hiyo nyama ya sili itaamka ikuume," alisema muuzaji.

Ivalu hakuondoa kidole. Soko la wawindaji la Nuuk, mji wa bandari kaskazini kabisa mwa dunia, lilikuwa limefurika asubuhi ile, na kijana huyu wa ovaroli la rangi ya chungwa alikuwa amewasahau wateja wote, macho kwake tu.

"Kwetu Ilulissat nyama kama hii tunawapa mbwa."

"Mbwa wenu wana bahati. Na wasichana wa huko wote wana mdomo hivyo?"

"Mimi ndiye mpole wao."

Kijana alicheka, akajitaja: Minik. Ivalu alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake, na meli ya kumrudisha ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jioni hiyohiyo walikuwa ndani ya boti ya Minik chini ya mlima Sermitsiaq, maghorofa ya mji bado yanaonekana nyuma yao, nyangumi akapumua karibu mpaka akawalowesha. Hapo ndipo walipobusiana. Ivalu alipenda, tena sana, wala hakuona sababu ya kujificha.

"Umelala, kipenzi?" Minik alimpigia simu usiku.

"Nimelala. Acha ujumbe."

Mpwa wa Minik alipoanza shule, nyumba yao ilifungua mlango kwa kahawa na keki, wageni wakipishana, viatu vimejazana kizingitini. Ivalu alikuja na buti nyeupe za ngozi na kola ya shanga aliyoazima kwa shangazi. Bibi yake Minik, Bolatta, alimshika mkono.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Ivalu Ujarak, bibi. Ujarak alikuwa rafiki wa baba, walivua pamoja. Boti ilipozama baba aliokoka, yeye hakuokoka. Mimi nikazaliwa muda mfupi baadaye."

Ujarak alikuwa mume wa Bolatta. Kwa desturi yao, anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu aliyerudi, na mjane hupelekewa habari upesi. Lakini baba yake Ivalu aliona haya kwa kuwa hai, akakaa kimya miaka yote.

"Mume wangu," alisema bibi, machozi yakimtoka. "Umechelewa sana."

Haukuwa utani. Watu walimkumbatia Ivalu mmoja mmoja. Regine, mama yake Minik, alimwita baba, akalia begani kwake, kisha akamvuta jikoni.

"Mambo yako na Minik yaishe leo. Mwanangu hawezi kuoa babu yake."

Minik alisikia, akainamisha kichwa. Simu zake zikakatika. Ijumaa Ivalu akapiga mwenyewe.

"Unanikimbia?"

"Mama anasema ni aibu, Ivalu."

"Nimekuuliza wewe, sijamuuliza mama yako. Ulimbusu babu yako au ulinibusu mimi?"

"Usinifanyie hivyo."

Ivalu alikata simu. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

Jumamosi alfajiri meli ilikuwa imeshatia nanga, na mizigo ya Ivalu imeshapakiwa. Yeye akaingia kwao Minik kwa koti jekundu na jinzi, bila hodi.

"Karibu, baba," alisema Regine.

"Mimi ni baba yako kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi kaa chini." Regine akakaa. "Bibi, humu ndani nani alikuwa na kauli ya mwisho?"

"Wewe, mume wangu. Hata ulipokosea."

"Sasa sikilizeni. Nampenda Minik. Mkisema mimi ni Ujarak, hii ndiyo kauli yangu, na mtaitii. Mkisema siyo, mimi ni Ivalu tu, na Ivalu hakatazwi na mtu. Chagueni."

Bolatta alianza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Ndiye huyu hasa. Baba yangu alipomkataa asinioe, alimjibu hivihivi." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini mara ya kwanza uliondoka bila kuniaga. Ukiwa unaniacha tena, safari hii niage."

Ivalu hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alipiga magoti, akayashika mashavu ya ajuza yule kwa mikono miwili.

"Kwaheri, Bolatta," alisema. "Nilikupenda."

Bibi alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Honi ya meli ililia bandarini. Ivalu alisimama, akafuta machozi kwa mkono wa koti, akamgeukia Minik.

"Vaa viatu," alimwambia. "Twende tukatoe mizigo yangu melini."