Mvua Iliyonyesha kwa Ta Kyaruzi Peke Yake

Kila asubuhi Ta Kyaruzi wa kijiji cha Izimbya alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuanika kahawa uani. Ya pili ni kumtaja binti yake. Ukimsalimia, aliitikia vizuri, kisha akakuambia kwamba Hellen yuko chuo kikuu, idara ya hali ya hewa. Ukimuuliza bei ya kahawa, alikuambia hayo hayo. Majirani walishazoea. Wenye haraka walipita njia ya nyuma.

Mkewe, Ma Evodia, hakusema sana. Yeye alijivunia mtoto wake kimyakimya, kwa kukaa benchi la mbele kanisani.

Mwezi wa sita Hellen alikuja nyumbani na chupa ndefu ya plastiki. Ilikuwa na mistari na namba ubavuni. Akawaeleza wazazi wake kwamba hicho ni kipima mvua, na kwamba yeye anafanya utafiti wa kumalizia masomo. Alitaka kujua mvua ya ziwani inaingia nchi kavu mpaka wapi. Kipima kimoja alikuwa amempa Mashauri, mchuuzi wa samaki katika kisiwa kimoja cha Muleba. Cha pili kilikuwa Nyanga, mjini Bukoba. Cha tatu ndicho hiki, cha Izimbya, mbali na ziwa.

Ta Kyaruzi alifurahi mno. Alitaka kukiweka chini ya migomba, ili kitu cha chuo kikuu kisiungue na jua.

"Hapana, Tata," Hellen alimwambia baba yake. "Mgomba utazuia mvua, au jani litamwaga maji yasiyo ya hapo. Kipima kinakaa peupe, mbali na miti na mbali na paa."

Wakakifunga kwenye nguzo katikati ya ua. Hellen akamfundisha baba yake kazi. Kila siku saa tatu asubuhi asimame macho yakiwa sawa na maji. Asome mstari. Atume namba kwa simu, kisha amwage maji yote. Asiruke siku hata moja.

"Na kama mvua haikunyesha?" baba aliuliza.

"Tuma sifuri," Hellen alijibu, akakimbilia basi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ta Kyaruzi aliijua sifuri vizuri. Alipokuwa shule ya msingi alizipata nyingi, na kila moja ilikuja na fimbo yake. Sasa atume sifuri chuo kikuu, tena kwa jina la mtoto wake? Baba gani anafanya hivyo?

Ma Evodia naye alikuwa na shida yake. Kwao, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na ndizi, au hata chumvi kidogo. Na hapa chombo cha chuo kikuu kilisimama uani kwake kitupu, siku baada ya siku, kila mpita njia akikiona. Aliona aibu kweli.

Kilichomaliza kazi ni simu ya Mashauri. Alipiga kumsalimia mwenzake wa utafiti. Akasema kisiwani wamepata milimita ishirini na mbili alfajiri ile, na akataka kujua Izimbya wamepata ngapi. Ta Kyaruzi alikohoa. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Kesho yake, kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe, alichota kikombe cha maji mtungini. Akatazama kushoto na kulia. Akatia maji kidogo tu kwenye kipima, ya kuondoa aibu.

Alipotoka, Ma Evodia akaja na kikombe chake. Naye akatazama kushoto na kulia, akatia kidogo.

Saa tatu Ta Kyaruzi akaenda kusoma. Akashangaa. Maji yalikuwa mengi kuliko aliyotia. Akatazama mbingu, ilikuwa nyeupe, haina wingu. Akavua kofia. Aliamini kabisa kwamba yeye ameanza tu, na Mungu amemalizia.

Ikawa hivyo kila siku. Mashauri akitaja namba kubwa, Ta Kyaruzi aliongeza kidogo. Ma Evodia, aliyekuwa akisikiliza simu akiwa jikoni, aliongeza pia. Na Mungu alisingiziwa bila kujua. Wiki moja ya mwezi wa saba, Izimbya ilipata mvua nyingi kuliko visiwa vyote vya ziwa, na kahawa ya Ta Kyaruzi ikakauka vizuri ajabu.

Siku moja Hellen alirudi ghafla, uso umemsawajika. Alikuja na mwalimu wake, Kahangwa, mtu mpole mwenye kitambi, mzaliwa wa Nshambya ya Bukoba. Mwalimu alisalimia kwa heshima, akanywa chai, akasifu ndizi. Kisha akafungua kompyuta na kuonyesha picha zilizopigwa kutoka juu angani.

"Ta Kyaruzi, picha hizi zinatuonyesha mawingu. Siku ulizotuma mvua kubwa, juu ya Izimbya hapakuwa na wingu hata la kufunika kofia. Nikiona namba za hapa hazina maelezo, itabidi niziondoe. Hellen atalazimika kurudia mwaka."

Ta Kyaruzi alijikaza. Akasema mvua ya Izimbya ni ya pekee, huwa inakuja na kuondoka.

Mwalimu hakubisha. Alitoka uani, akaenda kwenye kipima, akainama. Nguzo ilikuwa na msururu wa sisimizi, wanapanda na kushuka kama watu wa mnadani. Mwalimu akachovya kidole ndani, akakiweka ulimini.

"Ma Evodia," aliuliza taratibu, "mvua ya hapa ina sukari?"

Ma Evodia alitazama kikombe chake cha chai, kile kile alichotilia maji kila asubuhi bila kukisuuza, akatamani ardhi immeze.

Ta Kyaruzi akakubali. "Mwalimu, mimi nilitia. Lakini kidogo tu. Milimita nyingine zote zilikuwa za Mungu."

"Si za Mungu," Ma Evodia akasema, akitazama chini. "Ni zangu."

Mume na mke wakatazamana. Hellen alikuwa karibu kulia, lakini alipomwona baba yake amesimama na kofia mkononi, akaanza kucheka, na mwalimu akashindwa kujizuia. Ta Kyaruzi peke yake hakucheka. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Sikutaka mwanangu apate sifuri," alisema.

Mwalimu Kahangwa akaketi kwenye kigoda. "Sikiliza, mzee wangu. Ukienda hospitali, wakakupima damu, wakakuta hakuna malaria, utasema daktari amefeli? Sifuri ya kipima si alama ya mtihani. Ni habari. Inasema: leo mvua haikufika hapa."

Hellen akaendelea. Akaeleza kwamba usiku nchi kavu inapoa haraka, lakini maji ya ziwa yanabaki na joto. Hewa juu ya ziwa inapanda, mawingu yanajengeka, na mvua inashuka visiwani kwa kina Mashauri alfajiri. Wakati mwingine inafika Bukoba mjini. Je, inafika Izimbya?

"Hilo ndilo swali langu, Tata. Sifuri zako ndizo jibu. Ukiniwekea maji, umeniibia jibu."

"Na zile za uongo?"

"Tutazifuta, tuandike kwamba siku hizo hatuna kipimo," mwalimu alisema. "Pengo linaelezeka. Lakini uongo ukirudi tena, nitawaondoa, na Hellen ataanza upya."

Ma Evodia akaosha kipima mwenyewe, mara tatu, mpaka sisimizi wakahama. Siku iliyofuata Ta Kyaruzi alisoma, akasoma tena, akatuma sifuri. Kesho yake akatuma nyingine. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwatangazia watu nje ya kanisa: "Leo kwangu sifuri. Safi kabisa."

Mwezi wa tisa ikaja mvua moja kubwa. Kipima kikasoma milimita kumi na tisa, za mbinguni zote. Izimbya nzima ikatoka na jembe na mbegu za maharage. Ta Kyaruzi naye alishashika jembe Hellen alipopiga simu.

"Tata, subiri. Mvua moja si msimu. Utabiri unaonyesha ukavu unarudi, na udongo umelowa juu tu. Ngoja mvua zifuatane."

Alingoja. Majirani walimcheka, naye hakuwa na raha. Lakini sifuri zikafuata, moja baada ya nyingine. Maharage ya wenzake yalichomoza, yakanyauka. Mvua ya kweli ilipofululiza, wao hawakuwa na mbegu. Ma Evodia aliwagawia kidogo kidogo, na tangu hapo kila asubuhi mtu alichungulia uani kuuliza kipima kimesemaje.

Mwezi wa kumi na mbili, utafiti ulikamilika. Hellen alikuwa amefaulu, na mwalimu Kahangwa akaja naye kuchukua vifaa. Ma Evodia akamkabidhi kipima kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa maharage mapya mpaka mdomoni.

Mwalimu akakiinua mpaka macho yake yakawa sawa na mstari wa juu. "Ta Kyaruzi, hapa niandike ngapi?"

Ta Kyaruzi akavaa kofia yake vizuri.

"Andika sifuri, mwalimu. Mvua haikunyesha leo. Hayo ni maharage."