Sanamu ya Mama Mkubwa

Saa mbili asubuhi.

Dobi alishusha komeo la mlango wa nyuma, akasukuma kando rundo la mashuka, akaweka simu yake juu ya meza ya kupigia pasi.

"Hii hapa. Itazameni vizuri. Leo ndiyo siku yake."

Walikuwa watatu. Dobi alikuwa na biashara, gari na neno la mwisho. Bubu alikuwa na bastola. Walimwita Bubu kwa sababu hajafunga mdomo tangu azaliwe. Wa tatu ni Pasi. Mchana alinyoosha mashati ya watu asiowajua. Usiku alilala juu ya magunia ya nguo zao. Hakuwa na kwao. Ndivyo alivyowaambia, nao hawakuuliza tena.

Kwenye picha kulikuwa na sanamu iliyochongwa kwa mti. Mtu amepiga magoti. Mti umekuwa mweusi kwa mafuta na umri. Uso umelika, imebaki pua.

"Mtakatifu huyo?" Bubu akauliza. "Mbona kama anatafuta kifungo kilichodondoka?"

"Hakuna anayejua. Wa dini hii wanasema ni ya dini ile, wa dini ile wanasema ni ya hii. Dalali wa vitu vya kale anainunua leo saa nne, kwa mtu aliyeirithi. Mimi nina mteja asiyeuliza maswali. Tuichukue kabla haijaingia kwenye sefu."

Pasi aliinama, akaisogelea picha.

Aliijua sanamu ile. Alilelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake, na sanamu ilikaa juu ya kabati la mama mkubwa, kama ilivyokaa juu ya kabati la bibi kabla yake. Majirani wa msikitini wakija, iligeuzwa ukutani. Wa kanisani wakija, ilifunikwa shuka. Wote wakishaondoka, mama mkubwa aliipaka mafuta ya nywele huku akiitania: "Pole, mgeni wangu. Leo tena hukukaribishwa." Kisha humgeukia Pasi. "Siku utakayosikia hii inauzwa, ujue mimi nimeshazikwa."

Basi amezikwa.

Habari za msiba zilimfikia hivyo, mbele ya rundo la mashuka, kwa simu ya jambazi. Aliondoka nyumbani kutafuta kazi. Kazi haikupatikana. Akaona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu hiyo ikanenepa mwaka hadi mwaka, hadi akaacha kupiga simu. Nani alikuwa kando ya kitanda chake? Nani alimshika mkono?

"We Pasi," Bubu akasema, "mbona uso umekuwa kama shati lililoungua?"

"Nasikiliza."

Alijikaza kisabuni. Kichwani alishapanga yake. Sanamu ataibeba yeye, na akitoka nayo hapandi gari la Dobi. Atashuka kwa ngazi ya nyuma, aingie uchochoroni, atokomee. Wakimpata, wamuue. Alitaka kitu kimoja tu cha nyumbani.

Saa nne kasoro robo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Duka la dalali lilileta mapazia yake kufuliwa tangu juzi. Leo yanarudi. Nani anamkagua mtu aliyekumbatia mapazia masafi?

Mlinzi hakukagua. "Yananukia," alisema, akafungua mlango.

"Tumeweka na mapenzi humo, kaka," Bubu akamjibu.

Kwenye kona ya ngazi walitua mapazia, wakavuta kofia za sufi zikafunika nyuso, zikabaki tundu za macho.

"Wewe beba," Bubu akanong'ona. "Mimi naongea."

"Lini hukuongea?"

Bubu akaupiga mlango teke.

Saa nne kamili.

"Tulia! Mikono mezani!"

Chumba kilikuwa kidogo. Madirisha hayakuwa na mapazia, jua lilijaa kila kona. Dalali alikuwa nyuma ya meza, miwani mkononi. Sanamu ilikuwa mbele yake, juu ya gazeti. Na kwenye kiti cha wageni alikaa mwanamke mzee, mkoba magotini, viatu vimefutwa vikang'aa. Alikuwa amekonda. Akageuka.

Pasi alifungua mdomo ili avute pumzi. Kilichotoka hakukituma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mwanamke akaitika, maana mdomo wake nao haukungoja ruhusa. Kisha akainamisha kichwa upande, kama mtu aliyesikia mlango wa kwake ukifunguliwa. "Marahaba, mwanangu. Ni wewe?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Bubu alikosa maneno. Yakarudi.

"Umemwamkia? Tumekuja kuiba, wewe unaamkia wakubwa?"

"Nilidhani amekufa."

"Nani?"

"Mama mkubwa."

"Huyu?" Bubu akageuza bastola kuelekea kiti cha wageni. "Basi kimeumana. Amekujua. Akikujua wewe, kesho amemjua Dobi, keshokutwa mimi. Sogea."

"Kijana, shusha hicho kitu," mama mkubwa akasema. "Utaumiza mtu."

Dalali akapata akili ghafla. Akabonyeza kitufe kwa goti, akajificha chini ya meza. Kengele ikalia jengo zima.

Njia ilikuwepo. Sanamu ile pale, mlango wa ngazi ya nyuma uko wazi, uchochoro unangoja. Pasi alifika mezani kwa kuruka. Akaikwapua sanamu. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka. Akageuka, akamsukumia Bubu kifuani kwa nguvu hadi Bubu akahitaji mikono yote miwili kuipokea. Kisha akasimama mbele ya kiti cha wageni, akavua kofia.

"Ichukue. Nenda. Uso ulioonekana ni wangu peke yangu. Sitamtaja mtu."

"Dobi atakuua."

"Atanikuta."

Bubu alimtazama kidogo. Halafu akatoka nduki. Huko chini, Dobi alikokuwa akingoja, mlango wa gari ulibamizwa, na gari likaondoka bila kumngoja wa tatu. Dalali akatambaa kutoka chini ya meza, akakimbilia ngazi akimwita mlinzi.

Wakabaki wawili na kengele.

"Ulisema ikiuzwa, umeshazikwa," Pasi akasema.

"Nahamia chumba kimoja. Macho hayaoni vumbi siku hizi. Nilikuulizia kwa kila mtu, nikachoka. Sina wa kumwachia."

"Imekwenda, mama. Nisamehe."

"Dalali ameipindua, ameipima, ameinusa hadi kisogo. Hajui ni ya dini gani. Anasema labda si mtakatifu kabisa. Labda fundi alimkumbuka mtu wake, akamchonga."

"Mtu gani?"

"Nitajuaje? Hakuandikwa mgongoni." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Akamshika mkono. "Umekonda. Na unanuka sabuni."

"Nafanya kazi kwa dobi."

"Na hii ndiyo kazi yenyewe?"

Mama mkubwa akautazama mlango wa nyuma. Pasi naye akautazama. Kisha akakaa sakafuni kando ya kiti chake, kama mtoto aliyesusa mchezo.

Viatu vizito vikapanda ngazi.

"Polisi! Mikono juu!"

Pasi aliinua mmoja. Wa pili ulikuwa ndani ya viganja vya mama mkubwa.

"Nimesema mikono yote! Mama, mwachie huyo!"

"Nimwachie aende wapi?" mama mkubwa akasema, wala hakugeuka kumtazama askari.