Maji Aliyotoka Nayo

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, jua limewaka, nafua nepi za mtoto uani, wifi yangu kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kampakata mtoto na kunichekesha. Mume wangu alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka kwenye nyumba ya majaribio, ile ya chuma isiyo na dirisha, ambamo watu hufungiwa miezi na miezi wajifunze kuishi kama wako sayari ya Mirihi. Yeye ni fundi bomba. Aliingia nikiwa na mimba, akatoka mtoto anakaa mwenyewe.

Nikainua beseni nimwage maji. Mara huyo, katoka ndani mbio.

"Usimwage."

"Maji ya nepi haya, bwana wewe."

"Najua ni ya nini. Nipe."

Akalibeba kwa mikono miwili, polepole, lisicheze, akaingia nalo bafuni. Wifi akacheka mpaka akamkumbatia mtoto asimponyoke.

"Kaka yangu kaenda Mirihi karudi bahili. Kesho atakudai machozi."

Na mimi nikacheka. Ndicho kicheko changu cha mwisho ninachokikumbuka.

Habari za maji alikuwa ameshanieleza kwenye simu ya video. Kubeba maji mpaka huko haiwezekani, chombo hakiwezi kuruka na mzigo huo, kwa hiyo yale wanayoingia nayo ndiyo hayo hayo mpaka mwisho. Mkojo, jasho, hata mvuke wa pumzi unaoganda ukutani, vyote vinakusanywa, vinachujwa, vinanyweka tena. Mtambo huo ndio ulikuwa kazi yake. Mwanzoni walikuwa wanatapika, na matapishi nayo yanaingia mtamboni. Basi wakajiwekea desturi yao: kila asubuhi wanasimama duara, wanagonganisha vikombe, wanakunywa kwa mkupuo, na atakayekunja uso ndiye anayesugua choo siku hiyo.

Mle ndani alikuwamo daktari, mama mtu mzima, mrefu, nywele ndefu, hakujaliwa mtoto. Kila tukipiga simu alikuwa anajipenyeza mbele ya kioo amwone mwanangu. Anampigia ulimi, ko, ko, halafu anasema, "Nikitoka tu, wa kwanza kumbeba ni huyu." Baadaye tukaacha kumwona. Mume wangu akasema anaumwa.

Sasa siku hiyo, baada ya kuanika, nikaingia bafuni kunawa. Harufu ikanipokea mlangoni. Nyuma ya mlango, chini ya taulo, nikakuta ndoo juu ya ndoo, mipira ya maji, mkaa uliosagwa. Nikafunua ya juu. Maji ya nepi, na vingine siviandiki, juu vimefunga utando wa kijivu, mnene, unaotikisika kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ndani ya utando nywele ndefu. Mimi nywele zangu fupi. Na chini ya yote maji yanadondoka, tone, tone, kwenye birika letu.

Birika ninalochemshia maji ya uji wa mtoto.

Nikatapika pale pale kwenye sinki. Nilipoinua kichwa nikamkuta kasimama nyuma yangu, anayatazama matapishi yakizama kwenye tundu, kwa huzuni ya kweli.

"Umeyapoteza," akasema.

Kando ya birika kulikuwa na chupa ndogo, shingo imezungushiwa tepu. Imebaki nusu. Nikamwuliza hii nini. Akakaa ukingoni mwa choo, akanong'ona.

"Daktari alifia mle ndani. Alianguka tu."

"Si mngefungua mlango?"

"Tuliomba. Wakubwa wakasema Mirihi hakuna mlango wa kufungua. Fanyeni kama mngekuwa kule."

"Mkafanyaje?"

Akatazama mikono yake. "Mtu ni maji, mke wangu. Sehemu kubwa ni maji. Na sisi yalikuwa yanatuishia. Mtambo ukamkausha. Asubuhi tukagonganisha vikombe." Akameza mate. "Hakuna aliyekunja uso."

Nikaiinua ile chupa.

"Na chupa?"

"Alitaka sana kumbeba mtoto. Nikamtoa."

"Mbona nusu?"

Akaliangalia birika.

Nilitoka mbio. Uani wifi alikuwa anakomba kibakuli cha uji niliopika asubuhi ile, kijiko cha mwisho kimeshaingia. Nikampokonya mtoto, nikamtia kidole kooni. Uji ukarudi viganjani mwangu, vuguvugu, unavutika kama makamasi, unanuka chuma na dawa ya hospitali. Mwanangu hakulia. Alinitazama, midomo imelowa.

Akapiga ulimi. Ko, ko.

Nikamfunga mgongoni nikaenda kwa mama. Viatu sikurudia. Huku maji nayakinga mwenyewe bombani, nayachemsha, nayachungulia kwenye mwanga. Haisaidii. Kila akiamka mtoto, mgongo wake umelowa. Si mkojo, nepi kavu. Ni ute. Unateleza, una uvuguvugu, na umekaa kwa umbo la mkono uliopita chini ya mabega yake, kama mtu mzima anavyopakata. Shavuni kuna duara la mate. Nalifuta, kitambaa kinanuka chuma, nakitupa, harufu inabaki kwenye kucha zangu. Nyonyo anakataa. Ameshiba. Sijui kashiba nini.

Mama alikuwa anasema ni joto. "Mtoto anatoka jasho, mwanangu, usijitie wazimu."

Leo kafua shuka la mtoto, kalianika mwenyewe. Jua limelipiga tangu asubuhi, nguo zote kambani zimekauka zimekuwa ngumu. Shuka nalo limekauka. Isipokuwa mahali pamoja, katikati. Kiganja. Bado kinadondosha. Mama kakitazama, kaingia ndani, na neno jasho hajalitaja tena.

Nimeweka mkono wangu juu yake nipime. Vidole vinavipita vyangu. Shuka zima lina moto wa jua, ila pale, pale tu, pana joto la mwili.