Tairi Lenye Magaga

Asubuhi za Bigwa, kabla ukungu haujapanda kurudi milimani, Mwanvita huwa ameshachemsha chai, ameshachuma mchicha wa kupeleka sokoni, na ameshamfunga Raya vizuri nywele zilizofumuka usingizini. Mumewe, Kibwana, huwa nje anafuta kioo cha gari lao dogo jeupe. Kibwana ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kingolwira. Raya, mtoto wao wa pekee, anasoma darasa la kwanza shule hiyo hiyo. Baba na mwana huondoka pamoja, wakaingia barabara kuu ya Dar es Salaam, ile ya malori na mabasi, na jioni hurudi pamoja.

Yaani kila asubuhi, vyote alivyo navyo Mwanvita hapa duniani huondoka ndani ya gari moja. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka masika ilipoanza.

Jioni moja ya mvua walichelewa kurudi. Waliposhuka, Raya alikuwa amechangamka sana.

"Mama, leo gari yetu ilicheza," alisema. "Baba alishika breki, ikazunguka kama pia. Tukawa tunatazama kule tulikotoka."

Kibwana alikuwa anavua viatu barazani. Hakuinua uso.

"Halafu?" Mwanvita aliuliza.

"Halafu lori likapiga honi ndefu, likapita pembeni yetu. Halafu baba akaniambia nisikuambie."

Kibwana akasema mtoto anakuza mambo. Barabara ilikuwa na matope, gari likateleza kidogo, basi. Mwanvita hakubishana naye mbele ya mtoto. Akapakua chakula. Yeye mwenyewe alishika tonge, akalirudisha sahanini.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akiwa bustanini aliinua macho kutazama vilele vya Uluguru. Wingu likivifunika, alijua mvua itashuka hadi barabarani, na kama ni saa ya kutoka shule, mikono ilisahau kazi yake. Alichuma mchicha pamoja na magugu. Alichukua simu ampigie Kibwana, kisha akairudisha, kwa maana mtu anayeendesha hapigiwi simu. Alibaki kusikiliza tu. Kila gari lililopunguza mwendo njiani lilimsimamisha.

Mwishoni alifunga fungu la mchicha, akavuka ua kwenda kwa jirani yao, Bi Zuhura. Mama huyu alikuwa dereva wa gari la mradi wa kilimo mpaka alipostaafu. Amepanda na kushuka njia za milimani za Mgeta na Matombo kwenye utelezi ambao wanaume walilala njiani kuusubiri ukauke.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo? Kaa kwanza."

Mwanvita akaeleza yote. Bi Zuhura alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama yule aliuliza jambo moja tu: matairi yakoje? Mwanvita akasema anavyoyaona yeye ni mazima, ni ya mviringo na yana upepo. Bi Zuhura akacheka, akasema jioni atakuja kuyaona.

Alikuja kweli, na tochi mkononi. Sasa Bi Zuhura na Kibwana ni watani wa ukoo, hawakutani bila kutupiana maneno.

"Mwalimu, nimekuja kukagua daftari lako," alisema.

"Karibu, mkaguzi usiye na gari," Kibwana alimjibu.

Bi Zuhura alimwambia akate usukani mpaka mwisho, upande mmoja. Magurudumu ya mbele yakageuka, upande wao wa ndani ukaonekana. Akachuchumaa, akamwita Mwanvita aweke mkono. Kwa nje tairi lilikuwa na mifereji. Kwa ndani, pale ambapo mtu aliyesimama hawezi kupaona, lilikuwa laini kama tumbo la chungu.

Bi Zuhura aliwaeleza taratibu. Ile mifereji ndiyo njia ya maji. Mvua ikinyesha, maji huingia mle na kutoka, na mpira unaishika lami. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda, yanabaki katikati ya tairi na lami, na gari linaelea. Hapo breki haina kazi. Akamulika ndani ya mfereji, akawaonyesha kinundu kidogo cha mpira kilicholala chini. Vinundu hivyo viko kwenye kila tairi. Tairi likilika mpaka likawa sawa na vinundu, limekwisha, hata kama bado linazunguka.

"Na mbona limelika upande mmoja?" Mwanvita aliuliza.

"Magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Ni kama mtu anayetembea kwa kupinda mguu, kiatu kinakwisha upande. Fundi atayanyoosha, wenyewe wanaita alaimenti. Msipofanya hivyo, hata mkinunua mapya yatakwisha vilevile."

Akageukia matairi ya nyuma. Hayo yalikuwa bado yana mifereji mizuri kila upande. Kumbe hawakuhitaji manne. Mawili yalitosha. Bi Zuhura akamwomba Kibwana wasubiriane, waende naye Jumamosi.

Kibwana hakusubiri. Jumamosi alitoka mapema, kabla Bi Zuhura hajarudi kutoka kumwona mgonjwa wake, na alirudi na matairi mawili nyuma ya gari, meusi, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Aliyashusha barazani mwenyewe.

"Tazama, Mama Raya. Tazama nywele hizo."

Kweli yalikuwa na nywele. Vile vijiti vyembamba vya mpira vilivyosimama juu ya tairi ambalo halijakanyaga barabara vilikuwa vimejaa kote. Na mtaani kwao kila mtu anajua hivyo: tairi lenye nywele ni jipya. Halafu bei yake ilikuwa ndogo kuliko walivyotegemea. Kibwana akaingia ndani kuoga, apate kuyapeleka kwa fundi mchana. Mwanvita akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Alijikuta anaimba.

Kuku wakapanda juu ya matairi. Mwanvita akawafukuza, akainama ayasogeze ukutani. Alipoinuka, khanga yake ilikuwa na doa jeusi kama masizi. Akatazama pale alipolikumbatia tairi. Ule weusi uliong'aa ulikuwa dawa ya kupaka, na ilikuwa imetoka. Chini yake, ubavuni mwa tairi, palikuwa na mipasuko midogo midogo, mingi, imekatana.

Alisimama akiitazama. Alikuwa ameiona mahali. Akanyanyua mguu wake, akautazama unyayo. Kisigino chake, cha mtu anayeshinda shambani, kilikuwa na mipasuko ileile. Magaga.

Wimbo ulimkauka mdomoni. Kutoka bafuni alimsikia Kibwana anapiga mluzi. Mume wake amefurahi, na pesa imeshatoka. Naye yeye ni nani wa kumwambia mwanaume habari za matairi? Labda ndivyo yalivyo. Labda hayana neno. Akataka kuifuta khanga na kunyamaza. Kisha akalisikia tena lile lori la Raya, likipiga honi ndefu.

Kibwana alipotoka alimwonyesha. Kibwana akatazama kidogo tu, kwa haraka.

"Mama Raya, tairi si mguu."

"Sijui kama si mguu."

"Lina nywele. Lingekuwa la zamani lingekuwa na nywele?"

"Sijui, Baba Raya. Mimi ninachojua ni kwamba humo ndani nakuwekea mtoto."

Kibwana alikaa kwenye ngazi ya baraza, taulo shingoni. Kisha alisema, kwa sauti ndogo, haya, kamwite mkaguzi.

Bi Zuhura alifika, akaliviringisha tairi polepole, anasoma ubavuni mwake. Akasimamisha kidole penye kiduara kirefu chenye umbo la yai. Ndani yake palikuwa na tarakimu nne: 3214. Akamwambia Mwanvita asome, kisha akamfundisha. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka. Mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi hili lilitengenezwa wiki ya thelathini na mbili, mwaka elfu mbili na kumi na nne.

Mwanvita akahesabu kichwani. "Tulikuwa hata hatujaoana."

"Basi ni shemeji yenu mkubwa," alisema Bi Zuhura. "Ndiyo maana limechakaa miguu."

Kibwana alisema, lakini halijatembea hata hatua moja. Bi Zuhura akaacha utani. Alisema mpira hukauka hata ukiwa umelala dukani, na ukianikwa juani hukauka upesi zaidi. Tairi likifika miaka mitano au sita, likaguliwe vizuri kila mara. Likifika kumi, liwe na nywele au lisiwe nazo, kazi yake ni bembea ya watoto. Lenye magaga namna hii linaweza kupasuka katika mwendo, likiwa limebeba watu na lami imechemka.

"Nywele zinasema halijatumika," alisema. "Hazisemi limezaliwa lini. Lakini sikulaumu, mtani. Mtu mwenye kipara akiona nywele lazima atamani."

Kibwana akajishika kichwa chake kitupu, akacheka bila kupenda. Mwanvita naye akacheka; ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu gari lilipozunguka. Ndipo Kibwana akasema kweli yake. Alisema siku ile alidhani wamekwisha. Tangu hapo kila akishika usukani viganja vinamtoka jasho, na alitaka matairi mapya yafungwe upesi ili aache kuogopa. Nywele zile alizitazama kama mtu anayetazama dawa. Mwanvita hakujua. Alidhani hofu ile ni yake peke yake.

Walikwenda wote watatu dukani kwa Abeid, aliyemuuzia Kibwana yale matairi. Abeid alipoonyeshwa mipasuko na tarakimu, alikuna shavu. Alisema yeye naye hununua kwa watu wa jumla, na huangalia nywele hizohizo. Pesa hakutaka kurudisha, lakini alikubali wabadilishe, wachague wenyewe, na tofauti waongeze.

Bi Zuhura akakaa kwenye kiti. Akamwambia Mwanvita achague.

Mwanvita alianza na saizi. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye kibandiko kilichopo mlangoni mwa dereva, namba na herufi zake, na aliyoyakuta ya saizi nyingine aliyapita, hata yaliyokuwa mazuri. Kisha alitafuta lile yai. Tairi la kwanza lilikuwa la jina kubwa, la bei, na la zamani. Akaliacha. Lililofuata lilikuwa mtumba, na mifereji yake ilikuwa bado mirefu. Bi Zuhura alisema mtumba si dhambi, ila utazame mwaka, utazame ubavu, halafu uingize mkono ndani upapase kama lina kiraka. Mwanvita akaingiza mkono. Ulikutana na kiraka kikubwa kama kiganja. Akautoa haraka.

Nyuma kabisa, kwenye kivuli, palikuwa na matairi ya kampuni asiyoijua mtu. Hayakung'aa. Saizi ilikuwa ileile. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa za mwaka uliopita. Mwanvita alilowesha ncha ya khanga, akasugua ubavu mzima wa kila moja. Khanga ilitoka na vumbi tu.

"Haya," alisema. "Haya mawili."

Bei ilizidi kidogo ile ya yale ya kwanza, na ilikuwa chini sana ya bei ya lile la jina kubwa. Kibwana akaongeza pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya rangi ya sebule.

Kwa fundi walibishana mara moja zaidi. Kibwana alitaka mapya yakae mbele, kwa kuwa gari lao huvutwa na magurudumu ya mbele. Watu wengi hufanya hivyo. Bi Zuhura akakataa. Alisema mapya yakae nyuma, na yale mazuri ya nyuma yaje mbele.

"Mbele ikiteleza utaisikia kwenye usukani, utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza haikuambii kitu. Inakuzungusha tu. Unataka Raya azungushwe tena?"

Fundi akaunga mkono. Matairi yakafungwa, magurudumu yakanyooshwa, upepo ukajazwa kwa kipimo cha kwenye kile kibandiko. Bi Zuhura akamwachia Mwanvita kazi moja ya nyumbani: kuwakumbusha kupima upepo mara kwa mara, asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na spea tairi isisahauliwe. Na mvua ikinyesha, alimwambia Kibwana, hata tairi jipya linataka mwendo mdogo.

Masika ikakolea. Jioni moja wingu lilishuka hadi mabondeni, na mvua ikapiga mabati mpaka mtu hakusikia sauti yake mwenyewe. Mwanvita alisimama barazani. Alijua matairi ni mazima, alikuwa ameyachagua kwa mikono yake, na bado macho hayakumtoka njiani. Saa yao ya kurudi ikapita. Alihesabu magari, akaacha kuhesabu.

Mwishoni taa mbili zikakata kona polepole. Raya akashuka mbio, mkoba kichwani.

"Mama, ng'ombe alisimama barabarani. Mbele yetu kabisa."

Mwanvita akamtazama Kibwana. Kibwana alikuwa amesimama kwenye mvua, mkono juu ya paa la gari, kama mtu anayempongeza mnyama wake.

"Halafu?" Mwanvita aliuliza.

"Baba akashika breki."

"Halafu?"

Raya akafikiri, akitafuta cha kuongeza. Hakukipata.

"Gari ikasimama," alisema. "Hakuna halafu. Mama, nina njaa."