Funguo za Mawingu Mawili

Kompyuta zilikuwa zinawaka, lakini ndani hamna kitu. Rekodi zote za wagonjwa wa kliniki moja, mteja wa kampuni hiyo, zilizohifadhiwa kwenye mawingu mawili, yaani hifadhi mbili za mtandaoni, zilifutwa asubuhi hiyo na mtu aliyeingia kwa funguo halali za siri. Inspekta alimkuta fundi wa mitambo tayari ana pingu. Aliyewaita polisi ni mkurugenzi wa kampuni, kaka wa fundi huyo wa tumbo moja.

"Funguo anatunza yeye," mkurugenzi alisema. "Mpelekeni."

"Sikufuta kitu, siombi radhi, na sisaini kitu," fundi alijibu.

Inspekta, mama asiyependa kuharakishwa, alivuta kiti. "Mwanangu, nieleze kazi yako kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi angeelewa haraka kuliko huyu. Natengeneza picha za mashine, yaani kompyuta zilizopangwa tayari kunakiliwa mtandaoni. Kiolezo kimoja, faili la maelekezo, kinazijenga kwenye mawingu yote mawili. Wateja wanapewa nakala ya kiolezo, kwa hiyo funguo siziandiki humo ng'o! Naweka vigeu, yaani nafasi tupu. Ukianza kujenga, kinakuuliza funguo. Usipojibu, kinagoma."

"Kinamuuliza kila mtu?"

"Hata awe nani."

"Maneno tu hayo!" mkurugenzi alidakia. "Akiwa likizo nilijenga mwenyewe. Nilibonyeza mara moja, hakikuniuliza chochote."

Fundi akaangua kicheko. Mdomo ulikuwa umeponza kichwa.

"Kifungueni hicho kiolezo," Inspekta aliamuru.

Mpelelezi wa kompyuta alifungua nakala waliyotumiwa wateja. Palipokuwa na nafasi tupu, funguo za mawingu yote mawili zilikaa peupe. Ziliandikwa kutoka kompyuta ya mkurugenzi. Mwizi wa funguo hakuvunja mlango, alizisoma tu humo.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Kampuni hii nimeianzisha mimi!" mkurugenzi alifoka. "Nipigishwe hodi nyumbani kwangu na kitu alichoandika mdogo wangu, niliyemfundisha kushika kalamu? Nilichoka kuulizwa. Kliniki walipopiga simu, nikajua kosa ni langu. Nikaona heri afungwe yeye."

"Mwizi tutamsaka. Wewe utajibu kwa kutoa taarifa ya uongo."

Pingu zikahama mikono.

"Mdogo wangu," sauti ya mkurugenzi ililegea, "sema tulikosea wote. Mama ana presha."

Fundi alisugua vifundo vya mikono.

"Mama nitampigia mwenyewe. Nitamwambia nani alinifunga."

Akaketi kwenye kiti cha kaka yake, akabadilisha funguo zote, na hakumwomba mtu ruhusa.