Kiu Bandani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kwato za farasi, mwanamke asiyejua kumumunya maneno. Alasiri moja mume wa dada yake alimwita akamchongee kwato farasi wake aliyekuwa anachechemea.

Alipoingia bandani, damu ilimchemka. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, ndani giza totoro, samadi imefika vifundoni. Aliinua mguu wa farasi na kuuchokonoa ukwato. Ukabonyea kama sabuni iliyolowa, uvundo ukampanda puani.

"Shemeji, hata aibu huna?"

"Nilibanwa na kazi, shemeji."

Alikuwa akichonga kwa hasira aliposikia, nyuma ya ukuta wa mbao, pumzi nzito, kisha pua ikigonga ndoo tupu. Ko. Ko.

"Kumbe unao wawili. Na yule hujampa maji?"

"Ninaye huyu tu," shemeji akajibu. "Mwenzake nilimzika Ijumaa."

"Alikufa na nini?"

Shemeji akatazama chini. "Alikuwa mzee, hafai tena kwa kazi. Maji nilikuwa namchotea huyu tu."

Angefungua kinywa, fundi angemporomoshea matusi ya nguoni. Alikwenda bombani akachota maji, akaupiga teke mlango wa chumba cha pili, akaijaza ile ndoo pomoni, ndipo akawasha tochi. Hapakuwa na farasi.

Wote wawili wakaitazama ndoo. Maji yakaanza kushuka, funda baada ya funda, na kila funda walilisikia likimezwa.